Aliyefutwa Nyuma ya Mtoto

Shemeji yangu mtaani anaitwa Kifutio, na jina limemkaa. Chunusi, kovu, jasho la paji la uso, mpita njia aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi: mpelekee, ukirudi huvioni tena. Kwenye kompyuta yake anachota ngozi safi kidogo kutoka shavuni, anaibandika juu ya doa, anazilainisha kingo mpaka usijue lilikuwa wapi. Mimi niko naye studio hiyo hiyo, nashughulika na fotokopi na laminesheni pale kaunta, na kumchokoza ni haki yangu, maana alimwoa dada yangu.

Dada alifariki. Nasema hivyo hivyo kwa sababu sijajua namna nyingine ya kusema.

Sasa sikia balaa lenyewe. Dada alikuwa mtu wa kujipenda. Shavuni alikuwa na vishimo vya tetekuwanga, juu ya nyusi kovu, na akicheka jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine. Hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote isipokuwa mumewe. "Nyinyi wengine mtaniumbua," alisema. Na kila picha yake ilipitia kwanza mkononi mwa Kifutio, dada kasimama nyuma ya kiti anaamrisha: "Hapo toa. Na hapo. We, mbona unaniachia shimo?" Shemeji, kwa mapenzi, akatoa.

Picha za wateja huzihifadhi na matabaka yake yote, kama karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chini kabisa iko picha kama ilivyopigwa, juu yake yako marekebisho. Mteja akirudi na malalamiko, anazima tabaka la juu anaanza upya. Lakini za dada aliziunganisha zikawa kitu kimoja, tena kwa amri. "Sitaki mtu aje kunichungulia huko chini," dada alisema. Basi alipoondoka tukabaki na picha chungu nzima za mwanamke mzuri ajabu, laini kama sahani, ambaye hatumjui.

Binti yao aliitazama ile kubwa ya sebuleni, akasema, "Baba, huyu amefanana na mama."

Amefanana! Shemeji alitoka akaenda kukaa uani, ameshika tama. Nikamfuata nikamtolea uvivu. "Umenifutia dada yangu," nikamwambia. Nilijua nimemuumiza, lakini na mimi nilikuwa naumia. Nilitamani kumwona dada yangu mpaka nikawa namtafuta kwenye kioo, nimekunja jicho moja.

Alijaribu kumrudisha. Wateja wakipungua namwona anafungua picha ya dada, anachora kovu. Linakaa juu mno. Anafuta, anachora tena. "Shemeji, lilikuwa karibu na pua au katikati?" Na aibu iliyoje, mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni sikuwa na hakika. Nikashikilia katikati, yeye akashikilia karibu na pua, tukabishana kila mmoja akijigusa nyusi yake.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja mwenye maneno yake. Alitaka picha ya pasipoti ya binti yake, aliyopigwa hapa hapa akiwa mchanga, ikuzwe aitundike nyumbani. Shemeji akaitafuta, akaichapisha kubwa. Yule mama akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mbona begani pana ukungu? Mwanangu ana bega la moshi?"

"Ilipokuwa ndogo haikuonekana, mama. Ngoja niirekebishe upya," shemeji akasema. Akaifungua, akabonyeza ile alama ya jicho pembeni ili kulizima tabaka la juu.

Weupe wote nyuma ya mtoto ukatoweka, na pale alikuwapo dada yangu.

Kumbe! Jamani, nilikuwa nimesahau kabisa. Vitoto vichanga vilipoletwa kupigwa pasipoti, dada ndiye aliyechuchumaa nyuma ya kiti kuvishikilia visianguke. Baadaye shemeji alichota weupe wa ukutani, akamfunika mkewe, akaendelea na kazi. Na hapa dada alikuwa ameinua uso juu ya bega la mtoto, anamwangalia mpiga picha, anacheka, jicho moja dogo. Vishimo vyote viko mahali pake. Kovu liko mwishoni kabisa mwa nyusi, kuelekea sikioni. Sote wawili tulikosea. Nikamsikia kabisa: "Piga basi, mikono inaniuma!"

"Vipi, imeharibika?" yule mama akauliza.

Shemeji akasogeza uso karibu na kompyuta. Kisha, mazoea bwana, mkono wake ukasogeza kipanya taratibu mpaka kwenye paji la uso la dada, palipong'aa jasho.

"Weee! Shemeji! Toa mkono hapo!"

Nilipiga kelele mpaka mteja akaangusha mkoba. Shemeji akakiachia kipanya kama kimemuunguza. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. "Ulikuwa wapi?" akawa anauliza pale kwenye kompyuta. "Siku zote hizi ulikuwa wapi, mke wangu?" Nikamshika bega, tukalia wote wawili mbele za watu bila haya. Yule mama akaokota mkoba wake, akavuta kiti, akasema atasubiri.

Ile picha laini ya sebuleni tumeishusha, tukatundika hii. Binti alipoiona hii mpya alisogea akaweka kidole kwenye kovu. Wageni wakija wanauliza kwa nini mama wa nyumba kachungulia nyuma ya mtoto wa watu, na huyo mtoto ni wa nani.

"Mtoto gani?" shemeji huuliza.