Karatasi ya Shemeji

Kabla mji wa Sydney haujafungwa kwa ajili ya korona nilikuwa nimeazima maktabani kitabu kinene cha historia ya utabibu. Nilikisoma nyumbani, mtaa wa Bankstown, kalamu mkononi. Kilieleza jinsi profesa wa Ulaya, miaka mia tano iliyopita, alivyoketi kwenye kiti cha juu akisoma maandishi ya kale huku kinyozi, ambaye enzi hizo ndiye aliyeshika kisu, akipasua maiti chini yake. Mwili ukipingana na maandishi, profesa alisema mwili ndio uliokosea. Baadaye wakatokea matabibu walioshuka kitini, wakashika kisu wenyewe, wakaandika walichokiona.

Profesa wa namna hiyo nilimjua. Alikuwa mume wa dada yangu, kule mtaa wa Cabramatta. Kwenye kambi ya wakimbizi aliwahi kugawa dawa zahanati, na hapa Sydney Wakongo wenzetu wakamwita docteur, yaani daktari. Dada alipougua korona, shemeji alichapisha ujumbe aliotumiwa kwa simu, kurasa mbili za maelekezo ya kujifukiza: majani ya mkaratusi, tangawizi, ndimu, blanketi. Nilimpigia nikamwomba ahesabu pumzi za mkewe. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kuhesabu pumzi nakujua. Alinijibu kwamba mtu aliyeishia shule ya msingi hawezi kumfundisha yeye. Nikaita ambulensi. Kwa wiki sita akawaambia waumini wenzetu, ibada ikiwa mtandaoni, kwamba nilimletea serikali nyumbani kwake.

Dada aliponea hospitalini. Tuliporuhusiwa kukusanyika, shemeji aliandaa chakula cha shukrani, akasimama na zile kurasa, akasimulia jinsi mvuke ulivyomponya mkewe. Wakati huo nilikuwa nimeungoja kwa utulivu. Nikamwomba asome mstari kwa mstari, asiruke. Akasoma kwa furaha. Alipofika penye agizo kwamba mgonjwa asifunuliwe kabla ya nusu saa, nilimgeukia dada nikamuuliza yeye alikuwa akisema nini ndani ya blanketi.

Alitazama sahani yake.

“Nilisema sipumui. Akanijibu, ‘Vumilia, mama, karatasi haijafika hapo.’”

“Ee docteur,” mzee mmoja akasema, “si ungeifukiza hiyo karatasi?”

Watu walicheka mpaka shemeji akaingia jikoni na kubaki huko.

Dada hakucheka. Aliponisindikiza hadi kwenye gari alinilaumu kwamba nimemvunjia mumewe heshima mbele ya wageni wake. Nilimwambia ni kweli, na kwamba nilikusudia.