Joho la Mumiani

Mkinicheka mnicheke taratibu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka aibu ile najifunika uso.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Romania kusoma hadithi za kale za mazimwi na wanyonya damu (sisi tungesema mumiani) kwenye ngome zenyewe zilizozizaa, na Watanzania tulikuwa wawili tu, mimi mwalimu wa fasihi wa Kasulu na mwalimu Neema wa Kibondo. Asubuhi ya kwenda ngomeni Neema akanishauri nivae koti, nikamjibu kwamba mtu aliyekulia milima ya Buha hafundishwi baridi, nikatoka na kisweta (kiburi hicho, jamani).

Tulipofika juu meno yalikuwa yanagongana. Kwenye mlango wa ukumbi nikaona joho jeusi zito limetundikwa, nikadhani ni la kuazima wageni, nikalivaa na kuingia huku nikistaajabia zile kuta za mawe, mara taa zikazimwa, ikabaki moja, imenimulika mimi, na watu waliokaa wakapiga makofi. Kumbe joho ni la mwigizaji na onyesho la mnyonya damu ndiyo kwanza linaanza. Mtoto wa mstari wa mbele akaangua kilio. Nikahangaika kufungua kamba ya shingoni, ikazidi kukaza, nikakanyaga pindo, nikaanguka kifudifudi, makofi yakazidi.

Hapo akatokea mwigizaji mwenyewe, mzee mrefu, yuko na shati tu. Nikajua nimekwisha, na masomo yameishia hapo. Akaniinamia, akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi, nikamwambia. Akaninyanyua, akawageukia watu.

"Leo zimwi limetoka mbali," akasema. "Tulisikilize."

Akaketi kwenye ngazi. Basi nikasimulia kwa Kiingereza hadithi ya zimwi niliyopewa na bibi yangu, na nilipofika kwenye wimbo wake wa Kiha Neema akaniitikia kutoka kule alikokaa, ukumbi mzima ukafuata bila kujua maneno, yule mtoto naye akaimba.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, ila sijaona mtu akimwachia mwenzake jukwaa namna ile. Tulipomaliza alinifungua kamba mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa barafu, kwa sababu muda wote ule alikaa na shati akinisikiliza wala hakudai joho lake.

Siku hizi hata kiti kitupu sikikalii kabla sijauliza ni cha nani.