Kitasa cha Chumba cha Wakwe

Mwaka tulipopata Uhuru nilikwenda Bukoba mjini na viatu vikiwa shingoni. Havikuwa vyangu, vilikuwa vya kaka yangu aliyekuwa akipima kahawa ghalani. Nilivifunga pamoja kwa kamba zake nikavining'iniza, matope ya njia ya kutoka Kanazi yasivichafue, nikisema nitavivaa nikifika. Nilipofika watu walikuwa wamejaa hata nafasi ya kuinama sikuipata. Basi tukasukumana, tukaimba, tukashangilia bendera ambayo mimi sikuiona vizuri, maana mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye kilemba kikubwa. Watu walipopungua nikajishika kifuani, nikakuta kamba imekatika na kiatu kimeniachia mwenzake. Kiatu kimoja ni kibaya kuliko kukosa vyote viwili. Kila anayekiona anakuuliza.

Kurudi kwa kaka nikaogopa. Nikakaa nje ya banda la seremala karibu na bandari, nimekipakata kiatu kama kuku mgonjwa. Fundi mwenyewe, mtu aliyetoka Unyamwezi, akatoka akanitazama miguu, akasema, "Mwenzetu, mguu mwingine umeupeleka wapi?" Nikacheka, na nilikuwa nalia. Akanipa ufagio nizoe maranda. Sikumwambia kwamba natafuta kazi na yeye hakuniambia kwamba ameniajiri, lakini miaka ikapita nikiwa palepale. Shule yangu ni ile ya katekista ya kusoma sala na kuandika jina, kwa hiyo yote niliyojua zaidi ya hapo niliyapata kwenye lile banda.

Sasa nieleze vitasa, maana ndivyo vilivyonimaliza. Kitasa cha mlango wa ndani kina mikono miwili, mmoja huku na mmoja kule, na katikati kinapita chuma cha pembe nne kinachozungusha ulimi. Kila mkono una skrubu ndogo sana ya kuubana kwenye chuma. Wengi hukaza zile skrubu za kwenye bamba, kwa sababu zinaonekana, na hii ndogo wanaisahau. Fundi wangu alikuwa akisema, "Ukimaliza, ingia ndani, jifungie, halafu utoke mwenyewe. Ukishindwa kutoka, cheka peke yako." Sikuwahi kufunga kitasa bila kujifungia. Isipokuwa mara moja.

Inabidi mtu ajue pia kwamba sisi tulizaliwa kwenye misonge. Ndani ya msonge hakuna mlango, kuna viambaza vya matete na pazia la lubugo, lile gome la mti lililopondwa. Ukitaka kupita unakohoa. Ukienda ukweni ndiyo unakohoa mpaka koo liume, kwa kuwa mama mkwe hutakiwi kukutana naye uso kwa uso, mkono wake huugusi, na mahali anapolala hupakanyagi hata nyumba ikiwaka moto. Hayo nililelewa nayo. Siyacheki hata leo.

Zikaja siku za ujamaa na za nyumba bora. Baba mkwe wangu, upande wa Muleba, mkulima wa kahawa na migomba, akajenga nyumba ya bati yenye pembe nne na milango ya ndani. Vitasa vilikuwa vimeshachimbiwa kwenye mbao, mikono ndiyo ilikosekana madukani, kama ilivyokosekana sabuni. Wakawa wanafungua kwa mpini wa kijiko. Wageni waliicheka nyumba ile. Mzee mmoja aliuliza, "Hapa mnakula ubwabwa au mnakula mlango?"

Mimi nilifika kule kwa jambo lingine. Mke wangu alikuwa amerudi kwao. Nilimwacha Kanazi na mama yangu, mimi nikawa mtu wa mjini, wa kuonekana Jumapili, na Jumapili nyingine nisionekane. Akachoka, akafunga mkeka wake akaenda kwa wazazi. Nilikuja kumwomba.

Baba mkwe hakugusa habari ya mke. Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna, akaleta gunia dogo akalimwaga miguuni pangu. Mikono ya vitasa, ya shaba, ya zamani, aliyoipata kwa mtu aliyebomoa nyumba ya Mzungu mmoja wa kahawa.

"Mkwe," akasema, "wewe ni fundi au tulidanganywa?"

"Ni fundi, Tata."

"Basi nifungie hii. Kesho nitaita balozi wa nyumba kumi na ndugu zangu waje waione nyumba, tunywe rubisi. Mtu akija na maneno yake, atayasema mbele yao."

Nilielewa. Akimaliza kuonyesha milango, atanipa binti yake mbele ya watu, na asipopewa mtu mbele ya watu hajapewa. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilipopita akasema bila kuinua macho, "Fundi wa mjini, leo umepotea njia?" Lakini nikaona mkeka wake umeshafungwa, umesimamishwa ukutani. Moyo ukanitulia.

Mlango wa sebule niliufunga, nikajifungia, nikatoka. Wa stoo vilevile. Ukabaki wa chumba cha wazee. Kitanda chao kilikuwa kikubwa, kimejaza chumba, hivyo mlango ule walikuwa wameutia ufungukie nje, ukumbini. Nikasimama kizingitini na bisibisi yangu. Mkono wa nje naufunga nikiwa ukumbini, hauna shida. Wa ndani je? Nikiuacha mlango wazi nikanyoosha mkono, ile skrubu ndogo iko chini, siioni bila kuingia. Na jicho lenyewe likiona kitanda cha mama mkwe, huko si kuingia? Shemeji angenisaidia, ila alikuwa amekwenda Izimbya kwenye msiba. Nikamwita mke wangu.

Akaingia, nikausukuma mlango mpaka karibu ujifunge, nikaongea nao kama padri kwenye kitubio.

"Unaona kitundu chini ya mkono?"

"Naona vitundu vingi."

"Kidogo kuliko vyote. Tia bisibisi ukaze."

"Nimekaza."

"Kaza tena."

"Nikikaza tena itavunjika, halafu useme mimi ndiye niliyevunja nyumba ya baba."

Tukacheka, yeye ndani mimi nje. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja baada ya muda mrefu, na kwa ajili ya kicheko kile sikutaka kumwambia, "Sasa jifungie ujaribu." Nilijua inatakiwa. Mama mkwe alikuwa akipita ukumbini, amegeukia ukuta kwa heshima, nami nikageukia ukuta mwingine. Nikaona bora niondoke mahali pale haraka.

Kesho yake wakaja. Balozi, wazee wa ukoo, na shangazi mmoja wa mke wangu ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka Kamachumu. Wakaizungusha mikono ya shaba, wakasifu. Baba mkwe akasema, "Sasa tukae, kuna neno la mtoto." Akamwita mama mkwe aje asikie.

Mama mkwe alikuwa ameingia chumbani kubadilisha nguo. Tukasikia mlango unatikisika. Ukatikisika tena. Alikuwa na aibu ya kupiga kelele mbele ya wageni, masikini. Kisha chuma kikalia sakafuni ukumbini: mkono wa ndani ulikuwa umemtoka, akatia kidole kwenye tundu akausukuma wa nje ukadondoka na chuma chake. Baba mkwe akaenda, akauchomeka ovyo, ukazunguka bure.

"Fundi," akaita. "Njoo."

Nilipaswa kumwambia baba mkwe azungushe, mimi nimwelekeze kwa mdomo. Au nimwambie mama asogee nyuma. Lakini kusema na mama mkwe kupitia mlango wa chumba chake, mbele ya balozi, nikashindwa. Nikauchomeka mkono mpaka mwisho, nikazungusha.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango kwa bega, kwa uzito wake wote. Ukafunguka, akaja nao. Akanigonga kifuani. Tukaanguka wote wawili, mimi chini, yeye juu, kitenge alichokuwa hajakikaza kikabaki kwenye kizingiti. Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimeshaona, na mikono yangu ilikuwa imeshamshika, kwa sababu mtu akianguka unamdaka.

Mke wangu ndiye aliyekimbia akamfunika mama yake. Mama mkwe hakulia. Aliingia tena chumbani akatafuta namna ya kuufunga mlango, nao haukuwa na mkono wa kuuvutia.

Baba mkwe akasema, "Si neno. Ni mlango."

Shangazi akasema, "Waitu, ndugu zangu, nauliza tu. Mkwe akishalala na mama sakafuni, binti anampeleka nyumbani kama nani? Kama mwanawe?"

Mzee mmoja akatemea kikombe chake rubisi kwa kujizuia kucheka, halafu wote wakacheka, balozi naye. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameuegemea kwa mgongo mlango wa mama yake, anaushikilia usifunguke, amejifunika uso kwa kanga. Sikuweza kujua kama analia au anacheka nao. Angeondoa kanga ningejua. Hakuiondoa.

"Mkwe, kaa," baba mkwe akaniambia. "Tumalize neno letu."

Nikasema nakwenda kunawa mikono. Nikapita jikoni, mkeka wake uko palepale ukutani. Nikapita kwenye migomba, nikasikia baba mkwe ananiita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. Nikatokea barabara ya Muleba. Kulikuwa na lori la kahawa limesimama linatiwa maji. Nikapanda juu ya magunia bila kuuliza linaelekea wapi, na kule sijarudi.