Siku Niliyokataa Bukari ya Kilio

Aibu hii afadhali niisimulie mwenyewe, maana najua wengi wenu mmeshaisikia kwa watu wengine, na kwa watu wengine mimi nililishwa sumu, au nina pepo, au (hii ndiyo inayopendwa zaidi pale Makomeno, mtaa wetu wa Lubumbashi) nilimfichua mchawi mbele ya watu bila kukusudia. Hakuna hata moja lililo kweli. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote, na ni mbaya zaidi: nilikuwa natafuta nidhamu.

Mnanijua. Nilimaliza chuo kikuu, nikakaa nyumbani nikisubiri kazi, nikiamka jua likiwa juu, nikibishana na kila mtu juu ya kila kitu, na jioni nikijiuliza huyu mbishi amewahi kumaliza nini. Nilianza kukimbia asubuhi, nikaacha kwa sababu ya mvua. Nilianza kujifunza Kiingereza, nikaacha kwa sababu umeme ulikuwa unakatika (nani anasoma gizani?). Kila lengo langu lilikufa kwa udhuru mzuri, udhuru ambao mtu yeyote mwenye akili angeukubali, na nilipotazama nyuma niliona maisha yaliyojaa udhuru mzuri na hakuna kitu kingine. Rafiki yangu Fiston, ambaye ana kundi la WhatsApp la vijana wanaotaka kuwa imara, akaniambia nichague jambo moja gumu na fupi, nilimalize hata mbingu zikianguka, na nikishalimaliza nitaanza kujiheshimu. Nikachagua kufunga siku tatu, maji tu. Si kwa ajili ya Mungu, msimamo wangu mnaujua. Nilitaka tu kujua kama ndani yangu kuna mtu anayeweza kuliamrisha tumbo.

Nikaanza Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo mchana Papa Barthélemy akafariki.

Papa Barthélemy alikuwa mume wa Mama Odile, na Mama Odile ni mdogo wake mama yangu, yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipokufa, katika nyumba ile ya Makomeno. Hawakujaliwa mtoto, mtoto wa nyumba nilikuwa mimi. Papa Barthélemy aliugua tumbo muda mrefu, akakonda hadi suruali zake zikawa za mtu mwingine, na kaka yake, Papa Gervais, akaanza kusema, kwanza chini chini, kisha si chini sana, kwamba tumbo haliugui namna hiyo bila mkono unaopika. Mjane asiye na mtoto, nyumba nzuri yenye geti la chuma, shemeji mwenye watoto wakubwa wasio na pa kukaa: hata asiyekwenda shule angeona maneno yale yanaelekea wapi. Mimi niliyekwenda shule niliona pia, nikacheka. Nilidhani (hili ndilo kosa la watu kama mimi) kwamba jambo likiwa la uongo basi halina nguvu.

Nikaenda kilioni na mfungo wangu. Ningeweza kuuacha, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu msiba ulikuwa udhuru mzuri kuliko wote niliowahi kuupata, na nikajiambia: Dido, ukiuacha huu kwa ajili ya msiba, utaacha kila kitu mpaka kaburini. Mtu haoni nani amekula na nani hajala kilioni, watu wanaingia na kutoka, wanawake wako ndani kwenye mikeka na wanaume nje chini ya turubai, kwa hiyo siku mbili zilipita na mimi nabeba viti, nakunywa maji, nasikia kichwa chepesi, na (nisamehewe) najivuna. Maziko yalipangwa Jumatano. Na mfungo wangu ulikuwa unakwisha Jumatano hiyo hiyo, jua likizama. Saa chache tu!

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo ule, watu wa kaskazini ya Katanga ambao babu zao walikuja huku na kazi ya reli. Mkirudi makaburini mnanawa mikono getini, mnakaa, na chakula cha kwanza kinatoka upande wa mjane. Mjane hapiki, dada zake na wenzake wa kanisani ndio wanaopika, lakini ni yeye anayeliweka beseni chini mbele ya wakwe zake. Na wa kwanza kutia mkono ni mtoto wa nyumba. Anakata tonge, anachovya, anameza, wote wanamwona, ndipo wazee nao wanaanza. Hakuna anayeeleza maana yake, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Mimi niliijua desturi hiyo tangu utoto, nimeiona mara nyingi, na katika siku zile mbili za kujivuna sikuikumbuka hata kidogo.

Mama Odile akatoka ndani kwa nguo nyeusi, miguu peku, ameshika beseni la bukari, ugali wetu wa huku, inayotoa moshi, nyuma yake dada mmoja na bakuli la samaki. Akapiga magoti, akaweka chini. Jua lilikuwa kali hata chini ya turubai. Akanitafuta kwa macho, akaniita kwa sauti iliyokauka kwa kulia:

"Dido, kuya, mwanangu. Fungulia baba zako."

Na mimi nikajibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekataa kikombe cha chai:

"Sina na njala, mama. Baanze tu."

Alibaki amepiga magoti, hakuelewa. Papa Gervais alielewa haraka zaidi. Akaegemea kiti chake.

"Haiko mambo ya njala," akasema. "Ni kuonja tu. Tonge moya."

"Nitakula mangaribi, papa."

"Ah, mangaribi!" Huyo alikuwa Tantine Régine, mke wake, amesimama mlangoni na mikono kiunoni. "Kisha kuona kama siye tutabakia bazima?"

Watu wawili watatu wakacheka kile kicheko cha puani, halafu wakaacha, na mikono yote iliyokuwa imenawishwa ikarudi mapajani. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikatazama uso wa Mama Odile, nikaona kwamba yeye ameelewa zamani, na kwamba hanilaumu bado, ananisubiri tu.

Mnaniuliza kwa nini sikula palepale. Nami najiuliza. Nadhani ni kwa sababu nilidhani ukweli ungetosha. Nikasema: "Niko nafunga."

"Weye?" Tantine Régine akapiga makofi mara moja. "Weye mwenye kutuchekeleaka tukiwa mu jeûne? Unafunga juu ya Mungu gani?"

Alikuwa na haki. Miaka yote nilikuwa nawacheka wanaofunga, hata Mama Odile nilimcheka, na hiyo ndiyo sababu sikumwambia mtu yeyote tangu Jumatatu kwamba nafunga: niliogopa wangesema, Bwana asifiwe, mpotevu amerudi. Basi nikasema si kwa Mungu yeyote, ni zoezi, na kwa kuwa walinitazama tu nikaendelea (mdomo wangu ukianza hauna breki), nikasema mwili ni mtumishi na nia ni bwana, nikasema la volonté, nguvu ya nia, nikasema la maîtrise de soi, kujitawala, nikiwa nimesimama mbele ya watu wenye udongo wa kaburi viatuni, nikiwafundisha kujiamini.

Mzee mmoja asiyesikia vizuri akamuuliza jirani yake, "Kijana anasema nini?"

"Anasema tumbo yake iko na examen."

Safari hii walicheka wote, na ningependa hadithi iishie kwenye kicheko hicho, ningeibeba aibu yangu na tungesahau. Lakini Papa Gervais hakucheka. Akainua mkono, taratibu, kama mtu mwenye huruma.

"Bantu yangu, muache mutoto. Haiko mubaya. Anayua kwabo, anayua nyungu ya kwabo. Kama anakatala, anayua juu ya nini anakatala."

Sasa nikaogopa. Nikapiga magoti mbele ya beseni, nikasema haya, nakula, tazameni, nikakata tonge kubwa kama ngumi, nikalisukuma mdomoni bila hata kuchovya, likachoma, nikakata jingine, nikavuta kipande cha samaki na miiba yake, nikameza, nikakata tena. Nilikuwa nakula kama mtu anayeapa mahakamani. Mama Odile akaninong'oneza, "Polepole, Dido, polepole," lakini mimi nilitaka waone, wote waone, na tumbo ambalo lilikuwa halijapokea kitu tangu Jumapili likafunga mlango.

Nilisimama nikimbilie ukutani. Dunia ikageuka nyeupe. Nilishika nguzo ya turubai, nguzo haikuwa na nia ya kunibeba, nikatapika nikiwa bado nimeishika, tukaanguka pamoja, mimi na nguzo na upande mzima wa turubai juu ya vichwa vya wazee, na chini ya turubai, gizani, katika harufu ya samaki na plastiki ya moto, nikasikia sauti ya mwanamke ikipasuka:

"Sumu! Bamemuua mutoto!"

Viti vikaanguka. Mtu alinivuta kwa miguu hadi kwenye mwanga. Tantine Régine alinikalia kifua, akaniziba pua, akanimiminia mafuta ya mawese mdomoni ili sumu itoke, nami nilipojaribu kusema hakuna sumu, mama, hakuna sumu, nilitapika tena juu ya kitambaa chake cha kilio. Naye akageuka akawaonyesha watu kile kitambaa kama ushahidi. Nyuma yake niliona vijana wa Papa Gervais wanamwaga masufuria mtaroni.

Beseni moja tu walilisahau, lile la mbele. Mama Odile alikaa chini kando yake, akanawa mikono upya katika maji yaleyale, akaanza kula. Alikata tonge, akachovya, akameza, akakata lingine, mwanamke aliyetoka kumzika mume wake, machozi yanashuka na yeye anatafuna, katikati ya uwanja uliojaa viti vilivyopinduka. Alikula nusu ya chakula cha wanaume kumi. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, mafuta mekundu kidevuni, namtazama. Wengine wote walitazama kando. Alipomaliza aliangalia huku na huku, na nadhani kama mtu mmoja tu angemwambia kitu chochote, hata tusi, ingekuwa afadhali.

Hakuna aliyemshtaki, msidhani. Hakuna kesi, hakuna polisi, na mimi nilikuwa mzima kesho yake asubuhi, jambo ambalo lingetosha kwa mtu yeyote anayefikiri. (Walisema mafuta ya mawese ndiyo yaliyoniokoa.) Kilichotokea ni kwamba watu waliacha kula kwake. Jirani alikuja kumpa pole na akasema ametoka kunywa chai sasa hivi. Wenzake wa kanisani waliomba naye wakiwa wamesimama. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kueleza habari ya mfungo wangu, na kila nilipoeleza niliona mtu ananihurumia: masikini, hata baada ya yote bado anamfichia mama yake. Halafu Papa Gervais akaja, na maneno laini, akasema nyumba imechoka, ingefaa ipumzike, na kwamba Mama Odile pia angepumzika vizuri kwa watu wake. Kabla watu hawajavua nguo za msiba Mama Odile alikuwa ameshapanda lori la kwenda Lukafu, kwenye shamba la kaka yake.

Fiston aliniandikia kuuliza kama nilifikisha siku tatu. Nikamweleza yote. Akafikiri kidogo, akaandika kwamba kwa kweli, nikihesabu kwa haki, chakula kilichotapikwa hakihesabiwi. Nikatoka katika kundi lake.

Nilimfuata Mama Odile Lukafu katika kiangazi. Nilimkuta anapukusa mahindi na wifi yake, amekuwa mweusi kwa jua, mikono imekuwa migumu. Wifi alipotupisha nilimwomba msamaha, kwa maneno marefu kama kawaida yangu, naye akaendelea kupukusa hadi nikanyamaza.

"Ungeniambia tu mu sikio," akasema. "Ile asubuhi, mbele ya kuenda ku makaburi. Ningesema mtoto wangu iko mu maombi, mutu mwingine afungule. Ilikuwa imeisha."

"Niliona haya, mama. Nilikuwa nakuchekaka."

"Nilikuwa nayua unanichekaka. Nilikuwa nakupikia."

Nikamwambia basi nitarudi Lubumbashi, nitakwenda kwa Papa Gervais, nitawakusanya wote na kusema mbele yao kwamba hana hatia, na hili halitakuwa zoezi. Akatikisa kichwa.

"Leka. Ukienda kule, batasema ni miye nilikutuma."

Kwa hiyo hata kurekebisha siruhusiwi. Nimeapa, na nyinyi mliosikiliza hadi hapa ni mashahidi, kwamba sitajiwekea tena ugumu ambao sijamwambia mtu ninayeishi naye, na kwamba chakula kikiwekwa mbele yangu watu wakitazama nitakula kwanza, mawazo yaje baadaye. Na mkiniuliza kama siku ile ilinipa angalau ile nidhamu niliyokuwa naitafuta, nawajibu kwamba najua sasa nguvu zangu ziko wapi: mimi ni mtu anayeweza kumtoa mama yake nyumbani kwake kwa kusema tu, kwa adabu, kwamba hana njaa.