Glasi ya Chai Juu ya Injini

Bouziane wa Tlemcen aliapa kwamba bintiye Wassila ataenda kwa mumewe ndani ya Pijo lake kuukuu, si katika gari jipya la mdogo wake Mokhtar. Siku ya harusi alishinda uani na bisibisi, akizungusha skrubu ya kabureta kupunguza mngurumo. Juu ya injini akaweka glasi ya chai, kupimia mtikisiko. Vigelegele vya ndani vilimziba masikio.

“Mama Wassila, njoo uone! Chai haitikisiki hata chembe!”

Mkewe Zoulikha aliinama akasikiliza.

“Itatikisikaje, fundi wangu wa mdomo? Gari limezimika!”

Akaliwasha. Likakohoa, likazima tena. Nje msafara ulikuwa ukipiga honi. Zoulikha akainywa ile chai, akaenda kumwita Mokhtar.