Mwaka Mama Alipoacha Kuuza Githeri

Harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yanayotokota pamoja kwa kuni za mikalitusi, hunirudisha Kianjokoma, kwenye shamba letu la majani chai, mwaka niliokuwa nikisubiri kuingia sekondari. Karo yangu ilikuwa bado iko kwenye miti ya chai. Majani yasipochunwa, ningebaki nyumbani, na hilo nililijua hata usingizini.

Mama aliwalipa wachunaji kwa kilo, kisha mchana akawauzia githeri hapo hapo shambani. Unga ulipopanda bei madukani, wakaomba nyongeza. Akawapa, halafu akapandisha bei ya sahani ili nyongeza ile imrudie. Haukupita muda wakaja tena.

"Mama Wawira, sahani imekuwa ghali. Si utuongezee kidogo kwa kilo?" alisema Njeru, msemaji wao.

Akaongeza. Sahani nayo ikapanda. Majirani wakaiga, kijiji kizima kikawa kinakimbizana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Njeru alishika noti nyingi kuliko zamani na bado alikaza mshipi. Mwishowe wachunaji wakasema bila nyongeza nyingine Jumatatu hawaji. Majani yalikuwa yanakomaa, na yakishakuwa magumu hayapokelewi kwenye kituo cha kununulia chai. Nililia nyuma ya zizi.

Jumapili mama aliwasubiri nje ya kanisa.

"Githeri sitauza tena. Mwenye kuchuna atakula bure. Lakini bei ya kilo irudi ile ya kwanza."

"Na chai ya saa nne?" Njeru akauliza.

"Na chai pia, bora usinimalizie sukari."

Wakacheka, na Jumatatu wote walikuja.

Akina mama wa kijiji walimcheka pia: eti amegeuka mpishi wa vibarua wake! Nami niliona haya, nikidhani ameshindwa.

Leo nina duka Embu mjini. Wafanyakazi wangu wakiomba nyongeza, mkono wangu hukimbilia bei za bidhaa, nao kesho hurudi kuomba tena. Ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa mwajiri na muuzaji kwa wakati mmoja, kwa hivyo aliona kwamba nyongeza zile zilizunguka tu bila kumshibisha mtu. Lazima mmoja angeacha kwanza, na anayeacha kwanza huonekana mjinga. Najivunia mama yangu kupita kiasi. Alikubali kuchekwa na kijiji kizima ili mimi nisome.