Korongo Hapigi Saluti

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya mguu wa ndege, na sioni haya kusema. Wengine hufukuzwa kwa wizi, wengine kwa ulevi. Mimi nilimshibisha korongo.

Ilikuwa bustani ya ndege, kando ya barabara ya kutoka Kasese kwenda Bwera, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Kazi yangu ilikuwa kulisha na kufagia mabanda. Nilichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili: baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili kutwa, na bosi alitaka mtu wa kuelewana na wageni wanaovuka kutoka Kongo. Ndege wenyewe hawakuniuliza lugha.

Korongo huyo aliletwa akiwa kifaranga, kutoka mashamba ya Nyakiyumbu, ndani ya kikapu cha mihogo. Alikulia mikononi mwangu. Asubuhi nikimfungulia, alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi ndefu nyuma ya mabanda, akaanza kukanyaga, mguu huu, mguu huu, kwa nguvu, kama mtu anayezima moto wa majani. Panzi wakiruka, anawadaka. Akishashiba alikunjua mabawa na kurukaruka peke yake, bila ngoma, bila mtazamaji. Hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa namtazama mpaka uji wangu unapoa.

Kisha bosi akamleta afande awafundishe ndege maonyesho. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na amri fupi. Kasuku alifundishwa kusalimia watu, sawa, kasuku mwenyewe anapenda maneno. Lakini kwa korongo afande aliona bendera. Pale katikati ya bendera ya Uganda korongo ameinua mguu mmoja, basi huyu wetu naye asimame vile vile, mguu juu, wimbo wa taifa ukiimbwa. Bosi alifurahi nusura alie.

Afande alimfunza jinsi alivyofunza makuruta. Jioni hakuna chakula. Asubuhi ni fimbo: anamgonga mguuni, "Guu juu!", na ndege akiinua anatupiwa punje ya mahindi. Akishusha mapema, fimbo tena. Nilipolalamika aliniambia samaki mkunje angali mbichi. Nikamwambia huyu si samaki, na huyo samaki unayemkunja ameshakufa. Hakucheka.

Baada ya wiki tatu goti la mguu uliogongwa likavimba. Ndege wa miguu mirefu akishindwa kusimama hana maisha. Hulala chini, na mwisho ndio huo. Nilikwenda kwa bosi, nikamweleza, nikamwomba ampumzishe. Akasema nivumilie, Jumamosi wanakuja wageni wa wilaya na wanafunzi, baada ya hapo tutaona. Tutaona! Mguu si wake. Akaongeza kwamba wimbo utaimbwa beti zote tatu, na ndege akiharibu, mimi ndiye nitakayejibu, kwa sababu mimi ndiye ninayemlisha. Nikaitika ndiyo. Nilikuwa na watoto wawili wa kusomesha, nami niliogopa, sifichi. Ila hasira ilinizidi woga.

Jumamosi, kabla jua halijawaka, nilimpa korongo mahindi ya kutosha, akala mpaka akayaacha. Halafu nikafungua kigeti cha kwendea nyasi ndefu, nikakiacha wazi.

Wageni wakakaa chini ya turubai. Wimbo ulipoanza wote wakasimama. Afande akamgonga ndege mguuni na kumwonyesha punje. Korongo akaitazama punje, akamtazama afande, akampa mgongo. Akapita kwenye kigeti akichechemea, akaingia nyasini mbele ya macho ya watu wote, akaanza kukanyaga. Mguu mzima mara mbili, mguu mbovu mara moja, taratibu. Panzi wakaruka. Kufika ubeti wa pili wanafunzi walikuwa wamesahau maneno, shingo zote zimegeukia nyasini. Akakunjua mabawa, akaruka. Mimi nililia, nasema kweli.

Afande alinijia uso umemwiva, akauliza nani alilisha hii ndege. Nikasema ni mimi.

"Kwenye bendera inasimama mguu juu!"

"Kwenye bendera inatembea, afande," nikamwambia, na bosi akasikia, na wageni wakasikia. "Na hakuna mtu aliyeiamuru."

Jioni ile nilirudisha funguo na mabuti. Nikaanza kukaanga chapati sokoni Bwera, na watoto wakasoma hivyo hivyo. Kila nilipoona bendera niliwaza lile goti.

Miezi ikapita. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikaenda, nikakata tiketi kama mgeni. Fimbo haikuwepo. Bosi alikuwa ameona watu walivyopenda siku ile, akaamua korongo apelekwe nyasini kila Jumamosi, basi. Afande alikuwa ameshika kipaza sauti. Akawaeleza watu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha ndege huyu kukanyaga, kwa subira, miezi sita mizima. Eti subira! Damu ikanichemka, nikainuka nimuumbue pale pale. Ndipo nikalitazama goti la korongo. Uvimbe ulikuwa umekwisha.

Nikakaa. Sifa achukue, mimi nilitaka mguu.

Korongo akaingia nyasini bila haraka, akakanyaga, panzi wakaruka, akakanyaga tena. Afande alikuwa bado anahutubia. Aliposhtuka, ndege ameshafika katikati ya kazi yake, naye akapaza sauti mbio mbio: "Kanyaga!"

Nikacheka kwa nguvu, peke yangu. Afande akageuka, akanitambua. Sikuangalia chini.